Mzee wa Jingdezhen aliyegoma kula hadi alipoona vigae vya Kaole

Wakuu, nawasalimu kutoka Ohio. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Nilianzia Louisville, South End, kubeba maboksi warehouse. Mgongo ukanishinda, nikahamia Columbus. Sasa nahudumia wazee majumbani, upande wa Reynoldsburg.

Mwanzoni mwa winter nikapangiwa mzee wa Kichina, Mzee Hu. Mkewe alikuwa amefariki, ndipo binti yake Mei akamleta huku akae naye.

Mzee akagoma kula.

Hakuwa mkorofi. Ukimwekea wali anasema thank you, anageukia dirishani. Alikonda mpaka saa ikawa inazunguka mkononi. Daktari akaonya kwamba akiendelea hivyo atalazwa na kuwekewa mpira wa kulishia. Mei alikuwa analia kwenye gari kabla ya kwenda kazini, akidhani simuoni.

Siku moja nikamuuliza Mei baba yake ni mtu wa wapi hasa. Akasema Jingdezhen, mji wa vyombo vya kauri.

Nikashtuka. Mliofika Kaole, pale jirani na Bagamoyo, mnayajua yale makaburi ya mawe yenye nguzo, ambayo watu wa zamani waliyapachika mabakuli ya Kichina. Nikamwomba dada yangu Zuhura, yuko kule kule, anipigie picha za vigae vya mabakuli hayo vilivyopo makumbusho.

Jumamosi Mei akiwepo, nikampa mzee simu, nikamweleza kwamba vigae vimetoka kwenye makaburi ya kwetu.

Picha ya kwanza ilikuwa ya kigae cha kijani. Akairudisha. Mei akatafsiri kwamba hicho si cha kwao, ni cha Longquan, mji mwingine wa wafinyanzi. Alisema vile mtu anavyokataa jezi ya wapinzani.

Cha pili kilikuwa cheupe, kina maua ya bluu. Mzee akavaa miwani. Akaanza kuongea, Mei anakimbizana naye kutafsiri.

Mji wao umezungukwa na vilima, mto Chang unapita kati. Udongo mweupe ulitoka vilimani, kuni za misonobari zikawasha matanuri, mto ukapeleka vyombo hadi ziwa Poyang na kwingine duniani. Wamefinyanga zaidi ya miaka elfu. Wafalme walikuwa na matanuri yao pale, na chombo chenye kasoro kilivunjwa na kufukiwa. (Hata neno kaolin, ule udongo, linatokana na kijiji cha huko, Gaoling. Mimi sikujua.)

Mkewe alichora maua kama yale kiwandani maisha yake yote.

Akaniuliza bakuli lilikuwa linafanya nini kaburini. Nikamwambia liliwekwa kumheshimu marehemu.

Akagusa kioo cha simu. "Basi lilifika kwa watu wazuri," alisema. Mei akatafsiri.

Kisha mzee akaomba wali. Akala taratibu, nusu sahani.

Siwadanganyi, kuna siku bado anagoma. Ila mwili umerudi, na habari ya mpira daktari ameiacha.

Nilichojifunza: sisi wa kazi hizi tunauliza dawa na sukari, tunasahau kumuuliza mtu kwao ni wapi na alimpenda nani huko.

Wa Kilwa, Kunduchi na Pemba, mwenye picha ya kigae aitupie hapa chini. Kila asubuhi nikivua koti tu, mzee ananiuliza kama watu wetu wameleta kingine.