Hoteli ya Kumlisha Mama

Likizo ya Agosti nilikaa Kisii mjini kwa dada yangu majuma mawili, na sidhani kama niliwahi kuketi nikatulia. Nikiosha vyombo nilikuwa nawaza hoteli. Nikipiga pasi, hoteli. Dada alisema nitaunguza mashati ya watu.

Aliyenipa kazi hiyo ni shemeji, mume wake, karani wa serikali, mtu wa maneno mengi na viatu vya kung'aa. Siku ya pili tu baada ya mimi kufika, alitoka ofisini akaninyooshea kidole.

"Inspekta," alisema. Ananiita hivyo tangu alipogundua kwamba naandika kila kitu kwenye daftari. "Mama yako anakuja Jumapili ya mwisho kukuchukua. Lazima ale chakula cha jioni hapa mjini, tena pahali atakapopakumbuka. Tutazunguka hoteli moja moja, halafu wewe utachagua."

"Kwa nini yeye?" dada akauliza.

"Kwa sababu wewe ukiona sambusa unasahau kilichokutoa nyumbani."

Dada akamrushia kitambaa cha kufutia sahani. Mimi nilitazama chini, kama kawaida yangu. Ninapoambiwa jambo mbele ya watu maneno hunikwama, kisha huja yote jioni nikishika kalamu. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu mama husoma Kigusii cha Biblia tu, na hivyo hawezi kulisoma daftari langu.

Hakuna aliyeuliza kwa nini mama asile nyumbani kwa bintiye. Kwetu hilo haliulizwi. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani wakila, na mama haingii pahali kitanda cha mkwe kilipo. Kwa Kigusii tunaiita chinsoni, yaani haya na heshima zikiwa kitu kimoja. Nyumba ya dada ni chumba kimoja, na kitanda kiko pale pale nyuma ya pazia la maua. Mama hangeweza hata kuvuka kizingiti. Angelala kwa mdogo wake, upande ule wa mji unaoelekea Nyamira.

Lakini kwangu haikuwa habari ya chakula tu. Shemeji alikuwa amenipatia nafasi ya kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapo mjini, nikae nao kuanzia Januari. Baba alisema mama ndiye ataamua, maana mimi ndiye msichana wa mwisho nyumbani, ninayechuma naye chai na kukamua ng'ombe. Shamba letu la Nyansiongo lilikuwa la mzungu, na bado lina upweke ule aliouacha: ua mrefu, ng'ombe, ukungu. Shule yangu iko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Ningesema nataka kuhama kwa ajili ya mwendo huo, na mwalimu yeyote angenielewa. Ukweli ni kwamba nikiwa nyumbani nyayo huniwasha. Nataka kupita njia ambayo watu hawajui mimi ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo nikajiambia: mama akila vizuri mjini, ataupenda mji. Akiupenda mji, ataniacha.

Hoteli ya kwanza ilikuwa ile kubwa ya mlimani, ambayo zamani walikula wazungu. Wahudumu walivaa kanzu nyeupe na mikanda myekundu. Tuliletewa supu na vijiko vingi kuliko watu. Shemeji alishika kijiko cha kwanza alichokiona, akakinywea supu bila wasiwasi, nami nikamwiga, huku nikichungulia pembeni, kwa sababu meza ya pili kulikuwa na mwalimu mkuu wa shule fulani na mkewe. Niliandika: *vitambaa vyeupe, maua mezani, chumba kimoja kikubwa kama kanisa.* Chumba kimoja. Nikaikata.

Ya pili ilikuwa karibu na soko, ugali wa wimbi na nyama ya kuchemsha, tamu sana, lakini watu walikaa bega kwa bega kwenye benchi moja ndefu. Mama hangeweza kukaa benchi moja na mkwe wake hata kama kati yao wangeketi watu ishirini. Nikaikata pia.

Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja Mnubi. Alipika uani, mikate myembamba kama karatasi na mchuzi wa bamia, na wanawake walikula nyuma, karibu na moto, wanaume mbele. Ukiangalia kwa akili, hiyo ndiyo ilitufaa. Lakini kulikuwa na moshi, na viti vilikuwa vigoda, na vigoda mama anavyo nyumbani. Nataka kusema kweli: niliona haya. Niliandika *moshi* nikafunga daftari.

Nilibadili mawazo kila siku. Asubuhi nilichagua ya mlimani, mchana ya Mnubi, jioni nilitaka mama asije kabisa. Dada akinituma dukani nilipita njia ya mbali ili nichungulie hoteli nyingine, na nikirudi nilikuwa nimesahau chumvi.

"Huyu mtoto ana mchwa kwenye miguu," dada alimwambia shemeji.

"Mwache. Inspekta haketi."

Ndipo Jumatano tukaenda hoteli ya Mhindi, barabara kuu, na nikajua nimepata. Kulikuwa na ukumbi wa mbele wenye feni, na pembeni chumba kidogo cha familia chenye pazia zito la kijani. Wahindi wenyewe huwaketisha wake zao humo. Nilijaribu kila kitu. Nilimwomba shemeji aketi chini ya feni, nikaingia chumbani, nikashusha pazia. Simwoni. Nikatoka, nikakaa alipokaa yeye. Sioni ndani. Mwenye hoteli alinitazama kama mtu anayepima mlango.

"Mama hii natafuta nini?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha dukani.

Nilimwachia dada aeleze, nikaenda nje kupumua.

Jumapili mama alishuka basi saa nane mchana amevaa gauni la Sabato, ingawa Sabato ilikuwa imepita, na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa amebeba ndizi mkungu mzima. Aliuliza kama nakula. Aliuliza kama nasali. Hakusema lolote juu ya Januari, nami sikuthubutu kugusa habari hiyo.

Saa kumi na moja tulikwenda. Shemeji alitangulia peke yake, hatua hamsini mbele, asigeuke kumtazama mama mkwe wake. Alipoingia ndani tukahesabu kidogo, kisha tukaingia sisi wanawake watatu, mama akiwa ameinamisha uso, moja kwa moja hadi chumba cha familia. Nilimpa mama kiti cha heshima, kile kinachoelekea mlango, ukuta ukiwa mgongoni, kwa sababu si vizuri mtu mzima aketi na mgongo kwa watu. Dada na mimi tukaketi upande wa pili. Pazia likashuka. Mhudumu akaja na chai.

"Ondoa," mama akasema taratibu. "Sisi Wasabato tunaichuma tu, hatuinywi."

Dada akacheka, mimi nikacheka, mama mwenyewe akatabasamu. Kuku akaja, na wali wa rangi ya manjano, na bakuli la vitunguu. Mama alinawa, akasali, akamega kipande, akakitia mdomoni. Akatafuna. Akasema, "Huyu kuku amekaa kwenye viungo mpaka amejisahau." Nilihisi Januari ikija.

Kisha mhudumu akaja na sinia lingine mikono yote miwili ikiwa imejaa, akaliweka mezani, na ili asihangaike tena akalifunga pazia fundo, akaliacha limening'inia juu. Sikuona ubaya wowote. Shemeji alikuwa nyuma ya pembe ya ukuta, haonekani.

Mama aliacha kutafuna.

Nikageuka kutazama alikokuwa akitazama. Ng'ambo ya ukumbi, juu ya sinki la kunawia, kulikuwa na kioo kikubwa. Jumatano nilikuwa nimekitazama kwa sababu ya nywele zangu tu. Ndani ya kioo hicho alikaa shemeji chini ya feni, ameshika paja la kuku kwa mikono miwili, mdomo wazi, meno yote nje. Na macho yake yalikuwa yametua kwa mama, ambaye shavu lake moja lilikuwa bado limejaa wali.

Hakuna aliyesogea. Feni ilikuwa inazunguka. Kisha shemeji akashusha paja la kuku kama mtu anayemlaza mtoto, akainuka, akatoka nje bila kunawa. Mama akameza kwa shida. Akajipangusa mdomo, akasimama, akavuta kitambaa chake mbele mpaka kikafika kwenye nyusi.

"Twende," akasema.

"Mama, kula kidogo," dada akamwomba. "Ameshatoka."

"Nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Alikuwa amekula matonge mawili. Mhudumu alifunga chakula kwenye gazeti, dada akakibeba, na mimi nilitaka sakafu inimeze.

Nje kwenye baraza shemeji alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, ametupa mgongo, anatazama barabara. Mama akasimama nyuma ya nguzo nyingine. Kati yao kulikuwa na hatua kama nne, na katikati ya hizo hatua nne niliwekwa mimi.

"Mwambie mama yako naomba msamaha," shemeji alisema kwa nguzo yake.

"Anaomba msamaha," nilisema.

"Mwambie si kosa lake. Ni kioo." Mama naye alisema kwa nguzo yake. "Mwambie nauliza jambo. Huyu mtoto akikaa kwa dadake, mimi nitamwona wapi? Nyumbani kwao siingii. Hotelini siwezi kula. Nitakuja Kisii nisimame barabarani kama mtu anayeuza mayai?"

Nilianza kurudia neno kwa neno. Shemeji alikuwa amesikia kila neno, sote tulijua, lakini alingoja nimalize. Nikamaliza.

Alisugua kidole chenye mafuta ya kuku kwenye leso.

"Mwambie," akasema mwishowe, "nitatafuta nyumba ya vyumba viwili."

Nikamgeukia mama. Sijui ni nini kilinisukuma. "Anasema atatafuta nyumba ya vyumba viwili," nikasema. "Na anasema mtoto wako anataka sana kukaa. Si kwa sababu ya shule peke yake."

Dada alinitazama kama aliyeona kuku akiongea. Shemeji hakugeuka, lakini mabega yake yalitikisika. Mama alitazama viatu vyangu kwa muda mrefu.

"Mwambie neno la kwanza nimelisikia," akasema. "La pili pia nimelisikia, na huyo aliyelisema angelisema mapema nisingekula mbele ya vioo vya watu. Akipata nyumba, iwe na mlango wa nyuma, na kitanda kisionekane ukiingilia huo mlango. Ndipo aniite nije nione. Kabla ya hapo mtoto anarudi kuchuma chai."

"Nimeelewa," shemeji alisema, kabla sijafungua mdomo.

Kesho yake tulipanda basi, mama na mimi, gazeti la kuku likiwa miguuni. Alimaliza kuku wote kabla basi halijafika Keroka.

Sasa ni wiki ya tatu. Dada ameandika barua moja, ukurasa mzima juu ya bei ya mkaa na mtoto wa jirani, na nyumba hakuitaja. Shemeji aliongeza chini: *Inspekta, bado natafuta.* Nimeusoma mstari huo hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Nikiwa kwenye chai na mama, gari likipita barabarani ananiona nikiinua kichwa. Jana tu aliniuliza, bila kunitazama, kama shule za mjini huanza mapema kuliko zetu.