Beseni la Dorika

Dorika alizalisha akina mama wa Kitangari kwa miaka kumi na tisa, na nitagombana na yeyote atakayesema hakuijua kazi. Mikono yake ilikuwa myepesi na hakumkaripia mzazi hata siku moja. Mimi Naima, mhudumu wa zahanati, ndiye niliyekuwa namtekea maji.

Mwaka 1995 serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na wakunga wasio na cheti wakaitwa Newala kupimwa. Atakayeshindwa, arudi shambani. Katika mitihani ya miaka ya nyuma kila mtaalamu alikuwa na chumba chake: muuguzi aliuliza ya uzazi, daktari ya dawa, bwana afya ya usafi, na Dorika alijibu yote bila kubabaika. Safari hii waliketi watatu meza moja, wakampa mwanasesere, wakamwambia azalishe mwanzo hadi mwisho kama afanyavyo kazini, mimi nimsaidie. Nilifurahi. Maneno yangeweza kumwangusha, kazi isingeweza.

Akanawa kwa sabuni kwenye beseni, akazalisha. Muuguzi aliandika huku akitabasamu. Kabla ya kutoa kondo la nyuma, Dorika akatumbukiza mikono katika maji yale yale, akaendelea.

Bwana afya, kijana aitwaye Cuthbert, akaweka kalamu chini.

"Samahani, Mama Dorika. Maji hayo huwa unayamwaga wakati gani?"

"Kwetu maji yanatoka bondeni, mwanangu. Beseni moja linatosha akina mama watatu."

Alisema kwa fahari. Nani kwetu humwaga maji yaliyotumika mara moja? Ya kuogea tunafulia, ya kufulia tunamwagilia miche.

Daktari akauliza taratibu ni wangapi walipata homa baada ya kujifungua. Dorika akahesabu kwa vidole, akisema ilikuwa malaria. Alipofika kwa Fatu akanitazama. Fatu alikuwa mdogo wangu. Siku ile walijifungua watatu, yeye wa mwisho, akafa siku ya sita. Tulimpelekea Dorika kuku wa shukrani kwa kumwokoa mtoto.

Walimwandikia ameshindwa. Hakubishana, alivua aproni, akaikunja, akaniomba msamaha mlangoni. Nilimkasirikia sana, na mpaka leo sijui hasira hiyo niipeleke wapi. Siku ile ya Fatu, baada ya mama wa pili, Dorika alilinyanyua beseni akamwage maji. Mimi, niliyechoka kupanda mlima na ndoo, ndiye niliyemwambia ayaache, bado ni safi.