Binti Haposwi Garini

Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nikaenda kushika nyundo kwenye gereji moja ya Kibiti. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, magari ya mitumba yakiingia kwa wingi, na mimi niliwatengenezea madereva wa malori pa kulala: ubao nyuma ya kiti, godoro la sponji, mfuko wa turubai wa kutilia shuka. Barabara ya kusini ilikuwa tope tupu. Lori likinasa, mle ndimo nyumbani.

Masika yale nyumba yetu ya udongo ilianguka. Fundi wangu akanipa bodi la kipanya, kibasi cha abiria kisicho na injini, kilichokuwa kikiota kutu uani kwake. Nilikipanga kama dungu la bondeni, kile kibanda cha juu ya nguzo tunamolindia mpunga: jukwaa moja la fito, vyombo chini, sisi juu kwa safu. Paani nilikata tundu la hewa, nikaliwekea kifuniko. Wadogo zangu, wawili wa kiume na mmoja wa kike, wakalala bila kulowa. Nikadhani nimemaliza.

Shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Ikwiriri. Alichungulia tu.

"Mnalala safu moja?"

"Ndiyo, shangazi. Kama dunguni."

"Dunguni mtu halali, anawinga nguruwe. Huyu binti ameshavunja ungo. Kitanda chake kiko wapi?"

Akasema atarudi kumchukua. Mdogo wangu huyo alikuwa darasa la sita na hakutaka kwenda. Kwa shangazi hakuna msichana aliyemaliza shule. Wote waliolewa kutoka jikoni mwake.

Nikaling'oa jukwaa. Nikaweka ukuta wa mbao katikati, nyuma yake kitanda cha binti, mlango wa nyuma ukawa wake peke yake. "Komeo liwe ndani, kaka," alisema. Nikaliweka ndani. Nikatoa na magurudumu, bodi likakaa juu ya mawe, liwe nyumba.

Safari hii shangazi aliingia. Alijilaza kitandani, akafunga komeo, akafungua.

"Umefanya kazi, mwanangu. Lakini gari ni safari. Binti haposwi garini. Washenga watavua viatu wapi, kwenye bampa?"

Mdogo wetu wa mwisho akacheka.

"Hili halina tairi, shangazi. Haliendi popote."

"Na yeye asiende popote?"

Shangazi ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo. Mdogo wangu wa kike akafunga furushi. Shangazi akamwambia sare ya shule aiache, kule haina kazi. Binti akaitoa kwenye furushi, akaivaa juu ya gauni, akapanda lori la kwenda kusini bila kugeuka.

Wale wawili niliwasomesha wakitokea kwenye bodi lile. Yeye aliposwa kabla mpunga wa mwaka ule haujavunwa.