Maji Yaliyogeuka Buluu

Asubuhi moja kaka yangu alinipigia simu akasema samaki wake wote aina ya ngege wamekufa. Alikuwa akiwafuga katika vizimba vya nyavu, si mbali na ufuo wa Dunga. Kizimba cha jirani kilikuwa cha mzee mmoja aliyekuwa akinywa naye chai hadi walipogombana juu ya mpaka.

"Ametia sumu," akasema. "Kila mtu ufuoni ameshajua."

Mimi ni fundi wa maabara ya maji hapa Kisumu. Nilifika, nikayaona maji yamekuwa kijani kibichi na mazito. Nilichota kati ya vizimba, nikachota tena mbali ziwani.

Maabarani tuna chumvi nyeupe ya metali iitwayo molibdenamu, mfano wa sukari iliyopondwa. Ukiiyeyusha haina rangi. Ukiitia asidi na vitamini C, kisha ikakutana na fosfeti, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea na chakula cha samaki, inageuka buluu, na fosfeti ikizidi buluu inakolea. Chupa zake hatuzioshi kwa sabuni, kwa kuwa sabuni nyingine zina fosfeti na zingetudanganya.

Maji ya mbali yalipata rangi hafifu. Ya kizimbani yakawa buluu nzito. Nilirudia mara tatu, nikitumaini nimekosea.

Nilirudi kwa kaka yangu. "Ulikuwa ukiwalisha kiasi gani?"

"Walipoacha kula niliongeza. Nilitaka wanenepe haraka."

"Asubuhi, kabla hawajafa, walikuwa wakifanya nini?"

"Walikuja juu, wakitweta."

Nilimweleza kwamba chumvi ile haipimi sumu. Lakini chakula kilichozama kilikuwa kimerutubisha maji, mwani, ule ukijani wa majini, ukajaa, na usiku mwani huo ukamaliza hewa ya samaki. Nikamwambia pia jambo ambalo hakuwa ameuliza: ngege wa mzee nao walikuwa wamekufa, nusu yao.

Alikaa chini kwenye mchanga.

Tulikwenda pamoja. Mzee alikuwa anafukia samaki wake shimoni, hakusimama. Kaka yangu alisema yote, hata neno la sumu alilolitangaza.

"Nimesikia," mzee akajibu. "Lakini uliyasema mbele ya watu, mwanangu. Kayarudishe mbele yao."

Jumapili, baada ya ibada, kaka yangu alisimama mbele ya kanisa akayarudisha. Mzee alitikisa kichwa kukubali, akatoka nje. Siku hizi wanasalimiana. Hawajakaa tena pamoja kunywa chai.