Yule Mpagazi Hakurudi

Hebu niambie, ulishaona wapi mtu aliyepotelea safarini tangu enzi za misafara akarudishwa nyumbani na watoto wa chuo? Mimi nimeona, hapahapa Tabora, uani kwangu.

Mjukuu wangu wa kike anasomea mambo ya maigizo. Likizo kaja na wenzake watano, shikamoo bibi zikajaa mlango mzima. Mwalimu wao kawaambia watunge mchezo wenyewe, bila kitabu, kila mmoja atie lake. Wakaniomba habari za zamani. Shule mimi niliishia darasa la pili, lakini mdomo wangu haukuishia hapo.

Nikawapa habari ya babu yake mama yangu. Alikuwa mpagazi, akatoka na pembe ya ndovu begani kwenda pwani. Mkewe akaacha kufagia ile njia toka mlangoni mpaka barabarani, maana ukifagia nyuma ya msafiri unamfutia nyayo, anapotea. Mvua zikanyesha, majani yakaota, bado hafagii. Majirani wakamwita mvivu. Kafa hajapagusa. Mama yangu alivyokuwa mdogo alichapwa kwa kupitisha ufagio pale.

Basi wakaanza kuigiza. Gunia la mahindi ndiyo pembe. Kijana mmoja mrefu akalitwika kichwani. Nikamwambia, "Mume wangu, hiyo si ndoo ya maji. Weka begani." Kila wakimaliza wanakaa duara na madaftari, wanaandika walichofanya na kilichowagusa. Na mimi nikakalishwa humo.

Siku ya tano wakafika mwisho. Mpagazi akarudi na shanga na nguo, mkewe akapiga vigelegele. Wakapigiana makofi. Mimi sikupiga.

"Bibi, hujapenda?" mjukuu akauliza.

"Hakurudi."

"Tunajua, bibi," akasema yule mrefu. "Lakini watu watatoka wamenuna."

"Watoke wamenuna. Mwenzao alinuna maisha yake yote. Yule mama hakutuachia shamba wala ng'ombe, katuachia kungoja kwake. Mkimrudisha mumewe mmemnyang'anya na hicho."

Nikuambie ukweli? Kijana alipoingia na zile shanga, moyo wangu uliruka. Nilitaka arudi. Kidogo tu ningemsahau bibi wa watu, na mimi ndiye wa mwisho niliyehadithiwa habari zake. Hilo ndilo lililonitisha.

Mjukuu akawaambia warudie. Yule binti anayeigiza mke akasimama mlangoni, akatazama njia. Hakuja mtu. Akasimama tena, kuku wakampita miguuni, akasimama tu. Hakuna aliyepiga makofi. Walipokaa duara, madaftari yakabaki mapajani, hayajafunguliwa.

Mjukuu wangu akanisogelea, akanishika mkono. "Mke mwenzangu," akasema, "popote tutakapoucheza huu mchezo, hata Dar es Salaam watuambie hatujui kufurahisha watu, huyu mume harudi. Nakuahidi."