Tarakimu ya Mwisho ya Kipeuo cha Mbili

Nilisikia sauti kabla sijaona chochote. Ukungu ulikuwa umeilalia Njombe asubuhi hiyo, nami nilikuwa natembea taratibu kando ya barabara, mikono mfukoni, nikielekea stendi kupanda gari la Makambako. Mara, kutoka upande wa kushoto, mahali ambapo macho yaliona weupe mtupu, watoto wakapaza sauti kwa pamoja: "Kipeuo cha pili cha moja ni moja! Cha nne ni mbili! Cha tisa ni tatu!"

Nikasimama kama niliyeitwa jina. Walikuwa wameiruka mbili, kama watu wanavyoruka dimbwi njiani. Mwenzangu unayenisoma, mimi dimbwi hilo nililikanyaga, nikazama mpaka magotini.

Miaka hiyo nilikuwa darasa la sita kwa mara ya pili. Hesabu ndizo zilizonirudisha nyuma, na wenzangu wapya walinibatiza jina la Mkongwe. Muhula huo tuliletewa mwalimu wa mazoezi kutoka chuoni, Mwalimu Sanga, kijana mwembamba wa kule Matamba, kwenye baridi kupita yetu. Sisi tulikuwa tunatetemeka ndani ya masweta, yeye amekunja mikono ya shati. Alipewa wiki tatu za kukaa nasi.

Siku ya kwanza alitueleza kwamba kipeuo cha pili ni namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata ile uliyopewa. Tukajibu cha nne, tukajibu cha tisa. Kisha akauliza, "Na cha mbili?"

"Moja!" akadakia Festo, aliyekaa nyuma yangu.

"Moja mara moja ni mbili? Kwenu mnahesabu hivyo?"

Darasa likacheka. Mimi nikanyoosha mkono. "Moja nukta tano, mwalimu."

Tukazidisha ubaoni: mbili nukta mbili tano. Imezidi. Tukajaribu moja nukta nne: moja nukta tisa sita. Imepungua. Moja nukta nne moja, bado kidogo. Moja nukta nne mbili, imepita kidogo. Kila tulipoongeza tarakimu tuliisogelea mbili, na kila mara ilituponyoka. Nilihisi mwasho kwenye vidole. Nikasimama bila kuruhusiwa nikasema, "Mwalimu, mimi nitaimaliza."

"Mkongwe kasema!" Festo akapiga dawati. "Darasa la sita lenyewe hujalimaliza!"

Mwalimu Sanga hakucheka. "Haya, Edina. Niletee tarakimu ya mwisho kabla sijaondoka."

Basi hapo nikawa nimejifunga. Nikishindwa, ningebaki Mkongwe mpaka darasa la saba, tena Mkongwe mwenye mdomo.

Nilizidisha kila mahali. Nilizidisha nyuma ya kalenda ya kanisani na kwenye mifuko ya saruji. Nilizidisha kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, huku moshi ukinitoa machozi na viazi vikichemka kwenye sufuria. Moja nukta nne moja nne. Moja nukta nne moja nne mbili. Hesabu moja ilijaza ukurasa mzima. Darasani Mwalimu Sanga alipita, akainama juu ya dawati langu, akasoma mistari yangu yote, akaweka kidole mahali. "Hapa umesahau kubeba moja." Akaenda zake. Sikuwahi kufurahi namna ile. Mimi niliyekuwa nikiumwa tumbo siku za hesabu, sasa nilikuwa naamka kabla ya jogoo kuziwahi.

Alhamisi ya wiki ya mwisho nilikuwa na tarakimu sita baada ya nukta, na mwisho hauonekani. Nilikaa jikoni nikamenya viazi huku nikiutazama ukuta. Jioni hiyo, kwa uchovu tu, niliacha kutazama mwanzo wa majibu nikatazama mikia yake, zile tarakimu za mwisho. Sita. Moja. Sita. Nne. Moja. Tisa. Lakini mimi nilikuwa natafuta mbili kamili, mbili nukta sifuri sifuri sifuri. Mkia wake lazima uwe sifuri!

Kisu kikaanguka. Nikachukua mkaa. Namba yangu ikiisha, itaishia na tarakimu fulani, na hiyo haiwezi kuwa sifuri, kwa sababu sifuri ya mwisho baada ya nukta unaifuta tu. Basi ni moja hadi tisa. Nikazizidisha kila moja kwa yenyewe, kwa kuwa mkia wa jibu hutoka hapo tu, nikaandika mikia: moja, nne, tisa, sita, tano, sita, tisa, nne, moja.

Sifuri haikuwamo.

"Mama! Haiishi!"

"Nini hakiishi, unga?" Mama alikuja mbio, kanga imemlegea kiunoni.

"Namba, mama! Haiishi kamwe!"

Akautazama ukuta wake uliochafuka, akanitazama na mimi. "Wewe na hiyo namba, wote hamna mwisho. Lete mwiko."

Ijumaa Mwalimu Sanga alikuja kutuaga, begi begani. Festo hakuchelewa. "Mwalimu, muulize Mkongwe. Kaimaliza?"

Nilikwenda ubaoni. Nikaandika tarakimu tisa, na chini yake mikia tisa, nikaeleza kwa sauti iliyokuwa inapanda na kushuka. Festo alikuwa anazidisha kwa vidole, midomo ikimcheza. Hatimaye akasema polepole, "Kweli bwana. Sifuri haipo, Edina."

Edina. Nililisikia.

"Kwa hiyo umeshindwa kuimaliza?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo, mwalimu. Na wewe huwezi."

Wengine waliziba midomo. Yeye alicheka mpaka begi likamteleza begani. Nami, kwa utoto wangu, niliamini nimemfundisha kitu. Ilinichukua miaka, mpaka nikiwa sekondari nilipoona swali hilo limejibiwa kitabuni, kutambua kwamba alilijua tangu siku ya kwanza. Sentensi mbili zingetosha kunitoa kwenye moshi ule. Alipita kwenye dawati langu wiki tatu nzima, akanisahihishia kila moja niliyosahau kubeba, na hizo sentensi mbili akazifungia mdomoni, zisije zikaniharibia utamu wa kugundua mwenyewe.

"Msifute ubao," alisema. Akatazama mikia yangu tisa mara ya mwisho, akatoka, na kwa kuwa upepo ulikuwa mkali, akauvuta mlango nyuma yake hadi ukafungika.