Mitarakwa ya Persis Juu ya Manga

Upepo wa miinuko ya Manga, huko Kisii, hauna adabu. Mwaka wa 1994 uling'oa mabati mawili ya jiko la Persis ugali ukiwa motoni, ukayatupa kwenye shamba la chai la jirani.

Mumewe, Alfayo, alipomaliza kuyapigilia tena, alisema, "Tupande mikaratusi. Itakua upesi ituzuilie upepo."

"Na chemchemi yetu je, Baba Ogari? Itanywewa yote. Mimi nataka mitarakwa, mierezi yetu ya mlimani."

Alfayo alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. "Hiyo ni miti ya wajukuu!"

"Kwani wajukuu watakuwa wa nani?"

Persis akateremka mjini Kisii na mkungu wa ndizi. Chandrakala, mwenye duka la vitambaa na mteja wake wa ndizi wa siku nyingi, alikuwa akiotesha mitarakwa kwenye makopo uani. Wakabadilishana, ndizi kwa miche.

"Uache huo mrefu, Mama Ogari," Chandrakala alimwambia. "Mizizi imezunguka kopo, itajinyonga. Chukua mifupi yenye ncha mbichi. Na usiinyweshe maji kama mtoto mchanga."

Hilo la mwisho lilimpita Persis. Aliipanda migombani, kwenye udongo mweusi, akaijazia samadi na kuimwagilia kila jioni. Masika yalipokolea, ikageuka rangi ya kutu. Aling'oa mmoja: mizizi ilikuwa myeusi, inanuka uozo.

"Nimeiua kwa mapenzi," alimwambia mumewe, akingoja kuchekwa.

Alfayo hakucheka. Alichutama, akapapasa mche mmoja mmoja. "Huu bado una uhai. Unataka kuuhamishia wapi?"

Persis alionyesha kilima cha mawe nyuma ya nyumba, mahali ambapo hata muhogo ulikataa. Alfayo alimtazama, akaenda kuchukua sururu.

Walipanda huo mmoja pamoja na mingine aliyoirudia kwa Chandrakala, safari hii akiichagua kwa kupindua kila kopo na kutazama mizizi. Hawakutia samadi. Mwaka mzima miche haikuonekana kusogea. Nyanchoka, jirani yao, akipita na kuni aliuliza, "Mama Ogari, siku hizi mnapanda miiba?" Persis alicheka naye, lakini rohoni alichomwa.

Kisha ikaja mvua ya El Niño, mwishoni mwa tisini na saba. Migomba ya bondeni ililala, na ukingo wa shamba ukaporomoka. Asubuhi iliyopambazuka bila mvua, Persis alipanda kilimani akiwa amejiandaa kwa msiba. Maji yalikuwa yakipenya kati ya mawe na kwenda zake. Mitarakwa ilisimama yote, imemfika kifuani, kijani chake kimeoshwa.

Sabato iliyofuata alimsikia Alfayo akiwaambia wageni waliotoka kanisani, "Njooni muone mitarakwa yangu."

"Yako?" Persis aliuliza kutoka jikoni.

"Yetu, mama. Tena Nyanchoka ameomba miche."

"Mwambie aje," Persis alisema. "Lakini kwanza anionyeshe mahali pake pabaya kabisa pa kulima."